Ya pago, ya pagó: historia ya kialama kilichoniponza

Leo hakuna msimbo mwingi. Leo nataka kuwasimulia historia ya kialama kimoja kidogo, kile kimstari cha mshazari ambacho Wahispania hukiweka juu ya irabu na kukiita tilde. Lakini kwanza niwaeleze kilichonifanya nianze kukichunguza, maana ni aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandika programu ya kutuma arafa kwa wateja wanaozungumza Kihispania. Kama mjuavyo, arafa moja ya kawaida hubeba herufi 160. Nikagundua kwamba nikitia herufi kama ó ndani yake, hata moja tu, nafasi inashuka papo hapo kutoka 160 hadi 70. Arafa moja inageuka mbili, na gharama inakuwa maradufu. Basi nikafanya vile mwanaprogramu mvivu yeyote angefanya. Nikaandika mstari mmoja wa kuvua vialama vyote: á ikawa a, ó ikawa o. Majaribio yakapita, nikazima tarakilishi nikaenda zangu nyumbani.

Kumbe kati ya arafa hizo kulikuwa na moja ya kumjulisha mdai kwamba mdaiwa wake amelipa. Ilianza na maneno mawili: Ya pagó. Maana yake ni "Ameshalipa". Baada ya kupita kwenye mstari wangu ikawa Ya pago. Maana yake ni "Nalipa sasa hivi".

Mnaona balaa hilo? Mtu aliyepaswa kusikia kwamba deni limekwisha alikuwa anasoma ahadi ya mdaiwa, tena zile ahadi ambazo kila mdai amezisikia hadi zimemchosha. Simu zikaanza kuingia. Nilipoambiwa kosa ni langu nilijitetea kwamba nimeondoa kialama tu, sikugusa herufi hata moja. Ndipo nilipoketi nikasoma. Nikaja kuelewa kwamba kialama kile si pambo. Ni alama ya kaburi la silabi iliyokufa zamani, na watu walichukua karibu miaka 400 kukubaliana jinsi ya kuiweka.

Sisi na wao

Tuanze nyumbani. Sisi waandishi wa Kiswahili tumezoea raha. Shadda yetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka shadda inahama nalo. Chukua lipa: LI-pa, li-PI-a, li-pi-A-na. Hakuna haja ya kuandika alama yoyote. Kuna maneno machache yanayotusumbua. Barabara ya magari ni ba-ra-BA-ra, lakini kazi iliyofanywa barabara, yaani sawasawa, ni ba-RA-ba-ra. Hata hapo hatuandiki kitu, muktadha unatuokoa.

Kihispania nacho hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo maana masikioni mwetu hakitushangazi sana. Lakini tazama kitenzi hikihiki cha kulipa, pagar:

pago (PA-go): ninalipa
pagó (pa-GO): alilipa
pague (PA-gue): alipe
pagué (pa-GUE): nililipa
pagara (pa-GA-ra): kama angelipa
pagará (pa-ga-RA): atalipa

Herufi ni zilezile, mpangilio ni uleule. Kinachobadilika ni shadda peke yake. Kiswahili huweka nafsi na wakati mbele ya mzizi: ni-li-lipa, a-li-lipa, a-ta-lipa. Ukipoteza herufi moja mwishoni bado unajua nani alifanya na lini. Kihispania huviweka vyote nyuma, na mara nyingi nafasi iliyobaki huko nyuma ni ndogo sana hivi kwamba anayebeba mzigo wote ni shadda. Ukiivua, umemvua mtendaji na umevua wakati.

Kuna tofauti nyingine ambayo ni kinyume kabisa cha mazoea yetu. Sisi tukiongeza kiambishi nyuma, shadda inasogea. Wao wakiongeza viwakilishi nyuma ya amri, shadda inabaki pale ilipokuwa. Paga (PA-ga, lipa), págalo (PA-ga-lo, kilipe), págamelo (PA-ga-me-lo, nilipe hicho). Neno linarefuka kama mkia wa kinyonga, lakini shadda haibanduki. Ndiyo maana alama inajitokeza kwenye págalo ilhali haikuwapo kwenye paga. Haikuongezwa kwa sababu sauti imebadilika. Imeongezwa kwa sababu sauti imekataa kubadilika.

Silabi iliyokufa

Sasa swali la historia. Kwa nini pagó iangukie mwisho huku pago ikianguka mwanzo?

Jibu liko Kilatini. Kitenzi cha asili ni pacare, kutuliza au kuleta amani. Ukimlipa mdai umemtuliza, na hapo ndipo maana ya kulipa ilipotoka. (Mdai wangu hakutulia, lakini hayo ni mengine.) Kilatini hakikuandika shadda kwa sababu kilikuwa na kanuni inayotabirika: ikiwa silabi ya pili kutoka mwisho ni nzito, shadda inakaa hapo, na ikiwa ni nyepesi, inarudi nyuma hadi ya tatu kutoka mwisho.

Paco, "natuliza", ilikuwa PA-co. Ikawa pago, na shadda haikusogea. Pacavit, "alituliza", ilikuwa pa-CA-vit. Katika usemi wa watu wa kawaida ule mwisho ulifupishwa ukawa -aut, kisha -aut ikawa o moja. Kwa hivyo shadda ya pagó haikuhamia mwisho. Ilikaa palepale kwenye silabi ya pili ilipokuwa tangu Warumi. Kilichoondoka ni silabi iliyokuwa nyuma yake. Vivyo hivyo pacavi, "nilituliza", iliyokuwa pa-CA-vi, ilipungua ikawa -ai na mwishowe -é. Tukasalia na pagué.

Wakati ujao una hadithi yake. Pagará zamani ilikuwa maneno mawili: pagar, kulipa, na ha, "ana". "Ana kulipa", yaani atalipa. Katika Kihispania cha kale mtu aliweza hata kuchomeka kiwakilishi katikati, akaandika pagar lo he kwa maana ya "nitakilipa". Baadaye maneno hayo yaliungana kabisa, lakini kitenzi kisaidizi kilikataa kupoteza shadda yake. Ndipo tukapata pagaré, pagarás, pagará, pagaremos, pagaréis, pagarán. Ukitazama miisho hiyo unaona he, has, ha, hemos, heis na han zimesimama pale, zimepoteza h tu.

Si kila mara shadda ilibaki mahali pake. Kwa Kilatini "tulikuwa tukituliza" ilikuwa pacabamus, pa-ca-BA-mus. Kihispania leo ni pagábamos, pa-GA-ba-mos. Hapa shadda ilirudi nyuma ili ifanane na ndugu zake pagaba, pagabas na pagaban, ambazo zote zina shadda kwenye ga. Ni kama mtoto wa shule aliyesogea ili apange mstari na wenzake. Jirani yao Kigalisia, kinachosemwa kaskazini magharibi mwa Uhispania, hakikusogea. Katika Kigalisia sanifu "tulikuwa tukiimba" bado ni cantabamos, yenye shadda kwenye ba.

Kisha kuna nafsi ya pili wingi. Pagades, "mnalipa", ilipoteza d yake katika karne ya 15. Uhispania ikabaki na pagáis. Sehemu kubwa za Amerika ya Kilatini zikabaki na pagás, inayotumiwa pamoja na vos kumwambia mtu mmoja. Ajabu ni kwamba pagábades, ambayo shadda yake ilikuwa mbali zaidi nyuma, ilishikilia d yake hadi karne ya 17 ndipo ikawa pagabais. Yaani mahali pa shadda ndipo palipoamua herufi ipi itakufa kwanza na ipi itasubiri.

Mtu wa kwanza kuandika kanuni

Mwaka 1492 kila mtu anamkumbuka Columbus. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, mjini Salamanca, Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kikastilia. Kitabu chake cha pili ndani ya sarufi hiyo kinahusu matamshi na silabi, na ndani yake vitenzi vina kanuni zao za shadda, mbali na maneno mengine. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Zaidi ya miaka 500 iliyopita mtu alikuwa ameshagundua kwamba vitenzi vinahitaji sehemu yao katika msimbo.

Nebrija alieleza shadda inakaa wapi, lakini kueleza si sawa na kuwa na mfumo wa kuiandika. Wapiga chapa wa karne zilizofuata waliweka alama, lakini kila mmoja na mazoea yake. Akademia ya Kifalme ya Kihispania ilianzishwa mjini Madrid mwaka 1713. Kamusi yake kubwa ya kwanza ilitoka kwa mabuku 6 kati ya 1726 na 1739, na kitabu chake cha kwanza cha tahajia kilitoka mwaka 1741. Kuanzia hapo kulikuwa na mtu wa kulaumiwa.

1880: mwaka wa ubanaji

Kila mwanaprogramu anajua siri ya kubana data: usiandike kile ambacho msomaji anaweza kukisia. Andika tu pale anapoweza kukosea. Swali gumu ni nini kihesabiwe kuwa cha kawaida.

Kanuni za zamani za Akademia zilitazama herufi ya mwisho ya neno. Neno likiishia na irabu, kisia kwamba shadda iko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Likiishia na konsonanti, kisia kwamba iko mwisho. Ikiwa sivyo, weka alama. Ni kanuni safi, na kwa majina ilifanya kazi vizuri. Ndiyo maana ukifungua vitabu vilivyochapwa kabla ya 1880 unakuta corazon (moyo) na razon (sababu) bila alama yoyote. Zinaishia na n, na n ni konsonanti, kwa hivyo shadda iko mwisho. Hakuna la kuongeza.

Lakini sasa ilete kanuni hiyo kwenye vitenzi. Pagas, pagamos, pagan, pagabas, pagaban: zote zinaishia na s au n, na zote zina shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa kanuni ile, kila moja ingehitaji alama. Kurasa zingejaa vimstari kama mvua. Basi ikabidi kuweka kanuni ya kando: isipokuwa maneno ya wingi, na isipokuwa vitenzi. Maana yake ni kwamba msomaji alipaswa kujua kwanza kama neno ni kitenzi au jina ndipo ajue jinsi ya kulitamka. Mnaoandika misimbo mnaelewa ubaya wa jambo hilo. Ni kama programu ya kusoma faili inayodai kujua faili inasema nini kabla ya kuifungua.

Katika sarufi yake ya 1880 Akademia ilifanya uamuzi ambao naona ni mzuri kuliko yote iliyowahi kufanya. Ilizitoa n na s kwenye kundi la konsonanti nyingine na kuziweka upande wa irabu. Neno likiishia na irabu, n au s, kisia silabi ya pili kutoka mwisho. Likiishia na konsonanti nyingine yoyote, kisia ya mwisho. Hakuna tena kuuliza kama ni kitenzi.

Gharama ilikuwapo. Corazon ikawa corazón, razon ikawa razón, despues ikawa después. Maneno mengi yaliyokuwa wazi yakavishwa alama. Lakini tazama faida: pago, pagas, paga, pagamos, pagáis, pagan. Kati ya sita, moja tu ndiyo yenye alama. Majina yalilipa ili vitenzi vipite bure, na kwa kuwa s hutokea kwenye kila wingi na n kwenye kila "wao wanafanya", ilikuwa biashara nzuri. Kanuni hiyo ndiyo watoto wa shule wanayosoma hadi leo, kuanzia Madrid hadi Malabo hadi Lima.

Alama isiyokuwapo nayo husema

Msidhani Akademia ya Madrid ilikuwa na usukani peke yake. Mwaka 1835, huko Santiago ya Chile, Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, alichapisha kitabu kizima kuhusu matamshi, shadda na mizani ya mashairi ya Kikastilia. Mwaka 1847 akatoa sarufi aliyosema wazi kwamba ni kwa ajili ya Waamerika. Jambo moja lakini Bello hakulipenda: vos. Aliliona ni la kishamba, na walimu wengi waliomfuata walijaribu kulitoa vinywani mwa watoto.

Haikuwezekana nchini Argentina. Mwaka 1982 Akademia ya Lugha ya Argentina ilikubali rasmi kwamba vos ni usemi wa heshima wa nchi hiyo. Hapo ndipo kanuni ya shadda inapoonyesha uwezo wake. Mtu wa Madrid au Lima akitaka kulipwa huandika págame, PA-ga-me. Mtu wa Buenos Aires huandika pagame, pa-GA-me, bila alama, kwa sababu amri ya vos ni pagá na shadda yake inabaki pale ilipo. Neno la pili halina kosa la tahajia. Kutokuwapo kwa alama ndiko kunakokwambia mwandishi anatoka wapi. Programu ya kusahihisha tahajia isiyojua hilo hupiga mstari mwekundu chini ya usemi wa taifa zima na kuliambia limekosea kusema.

Karatasi na mdomo

Mabadiliko yaliyofuata 1880 yalihusu swali moja: alama ifuate sauti hadi wapi?

Mwaka 1952 Akademia ilitoa kanuni mpya, ambazo zilikuwa lazima kuanzia Januari 1959. Fue, fui, dio na vio zilivuliwa alama zao, kwa kuwa ni silabi moja na silabi moja haina pa kukosea. Prohíbo (nakataza) ilivishwa alama, kwa sababu h iliyo katikati haisikiki na haiwezi kuhesabiwa kama ukuta kati ya irabu. Tena ikaamuliwa kwamba u na i zikikutana, kwa maandishi zihesabiwe kuwa silabi moja daima, hata kama mtu anazitamka mbili. Ndiyo maana huido na construido hazina alama.

Mwaka 1999 vitenzi vyenye viwakilishi nyuma vililetwa chini ya kanuni ya kawaida. Hapo awali diole (alimpa) iliandikwa dióle, ikibeba alama ya mzazi wake dió hata baada ya mzazi mwenyewe kuvuliwa. Sasa ni diole.

Kisha 2010. Tahajia mpya, iliyokubaliwa na akademia zote za lugha hiyo, ilisema kwamba maneno kama crio (alilea), rio (alicheka), guie na hui ni silabi moja katika maandishi na hayana alama. Watu wengi wa Uhispania walikasirika, kwa sababu wao husema cri-O, kwa silabi mbili zinazosikika wazi. Wengi wa Mexico husema kwa silabi moja. Mwaka 1999 kila mtu alikuwa ameruhusiwa kuandika kwa sikio lake. Mwaka 2010 ruhusa hiyo iliondolewa.

Binafsi nilianza nikiwa upande wa waliokasirika. Kialama ambacho kazi yake ni kufuata mdomo kinawezaje kuupuuza? Baadaye nikaona upande wa pili. Lugha inayoandikwa katika nchi zaidi ya 20 haiwezi kuwa na tahajia inayotegemea mji uliozaliwa. Na maana haikupotea: crio ni alilea, crío ni ninalea, críe ni alee. Waliacha sauti moja ili maandishi yabaki mamoja, lakini hawakugusa tofauti ya nani na lini. Mimi na mstari wangu wa kuvua alama tulifanya kinyume chake. Tuliacha nani na lini ili kuokoa shilingi.

Jinsi ya kuifundisha tarakilishi

Baada ya aibu ile niliandika programu ndogo ya kugawa vitenzi vya Kihispania katika silabi na kuonyesha shadda, ili nisirudie kosa. Hizi ndizo hatua zake:

1. Weka herufi zote katika umbo moja. Katika Unicode ó inaweza kuwa herufi moja, au o ikifuatwa na kialama kinachojitegemea. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa tarakilishi ni viwili.
2. Ondoa u isiyo na sauti katika gue, gui, que na qui. Pague ni pa-gue, si pa-gu-e. Lakini ü ina sauti: a-ve-ri-güé.
3. Hesabu ch, ll na rr kuwa konsonanti moja moja.
4. Konsonanti moja kati ya irabu huenda na irabu inayofuata: pa-ga-ba.
5. Konsonanti mbili hugawanyika: can-to. Ila p, b, f, c na g hushikana na l au r inayofuata, na t na d hushikana na r: ha-blo, com-pro, en-tro.
6. Irabu a, e na o ni kali. Mbili zikikutana hugawanyika: le-o, ca-e. Irabu i na u ni dhaifu, huungana na jirani: cam-bio. Zikivishwa alama karibu na irabu kali, hugawanyika: en-ví-o.
7. Sasa tafuta shadda. Kuna alama? Shadda iko hapo. Hakuna? Tumia kanuni ya 1880. Kumbuka kwamba y ya mwisho huhesabiwa konsonanti, na ndiyo maana estoy haina alama ingawa shadda yake iko mwisho.

Toleo langu la kwanza lilikosea kwenye hatua ya 6. Nilidhani kila irabu yenye alama inajitenga, nikapata pa-gá-is kwa silabi tatu. Kumbe a ni kali tayari, alama juu yake haibomoi muungano. Ni pa-gáis. Alama juu ya a inasema "shadda iko hapa" tu. Alama juu ya i inasema "shadda iko hapa, na tena tumeachana".

Mkiangalia vizuri mtaona jambo la kupendeza. Kutoka maandishi kwenda kwenye sauti, programu hii haihitaji kamusi. Kanuni saba zinatosha. Lakini jaribu kwenda upande wa pili, kutoka jina la kitenzi kwenda kwenye maumbo yake, na utakwama. Cambiar (kubadilisha) hutoa cambio, silabi mbili. Enviar (kutuma) hutoa envío, silabi tatu. Majina yao yanaishia sawa, na hakuna kanuni inayokwambia kipi kitafuata njia ipi. Inabidi uandike orodha. Vitenzi vya -uar vina huruma kidogo: ikitanguliwa na c au g huungana, kama averiguo, vinginevyo hugawanyika, kama continúo na actúo. Hata hapo wasemaji hawatii kila mara, na leo evacuo na evacúo zote zinakubalika.

Wala msidhani alama inaponya kila kitu. Pagamos ni "tunalipa", na pagamos ni "tulilipa". Hapo Mhispania naye hutegemea muktadha kama sisi na barabara zetu.

Kurudi kwenye arafa

Nimalizie pale nilipoanzia. Alfabeti ya kawaida ya arafa, ile ya biti 7, ina ñ, ina ü, ina hata alama za ¿ na ¡. Katika irabu za Kihispania zenye tilde ina moja tu, nayo ni é. Ina à, ì, ò na ù zenye mstari unaolalia upande mwingine, lakini á, í, ó na ú hazimo. Kwa hivyo ndani ya herufi 160 Mhispania aliweza kuandika pagué, "nililipa", bila taabu. Hakuweza kuandika pagó, "alilipa". Simu ilimruhusu ajisemee mwenyewe, si kumsemea mwenzake.

Nilichofanya hatimaye kilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Niliufuta ule mstari. Kisha nikaufupisha ujumbe: nikatoa salamu, nikatoa maneno ya kumsifu mteja ambayo hakuna aliyekuwa akiyasoma, nikaacha jina, kiasi na tarehe. Vyote vikaingia ndani ya herufi 70, pamoja na ó yake. Simu za malalamiko zikakoma. Kilichokuwa kimejaza nafasi hakikuwa kialama hata kidogo. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe.